Kitambulisho cha mama kinasema bado, umri wake unasema tayari: tuanzie wapi?

SWALI: Assalamu alaykum. Tunakaa shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Mama yetu, kwa hesabu ya wazee wenzake, alizaliwa 1953, lakini kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kimeandikwa 1961. Kila tukienda kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, kuulizia pesa za wazee tunaambiwa tusubiri. Baba alikuwa mtumishi wa serikali upande wa kilimo, akafariki 2009 akiwa bado kazini, na sikumbuki kama mama alilipwa kitu. Kaka yangu ana miaka 34. Alifanya kazi hoteli moja ya Nungwi, Unguja, kwa miaka 6, mwaka huu wageni wamepungua akaachishwa, sasa yuko nyumbani na mke na watoto wawili. Serikali ina msaada gani kwa mama na kwa kaka, na tuanzie wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Barua yako ina mambo manne ndani ya pakacha moja, na nadhani ndiyo sababu kila siku mnarudi na jibu la "subirini". Mtu akienda kwa sheha akasema "tunataka msaada", sheha hana daftari la msaada. Ana orodha ya wazee waliofika umri wa pensheni jamii, ndizo hizo pesa za wazee. Ana orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mafao ya marehemu baba hayako kwake kabisa, na ya kaka yako hayako kwake pia. Kila jambo lina ofisi yake, sharti lake na karatasi yake. Tuyatenganishe, na tuanze na la mama, kwa sababu hilo ndilo lenye kitanzi.

Pensheni jamii ilianza kulipwa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016. Wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Inatoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe, na mzee hakuhitaji kuchangia chochote siku za ujana wake. Haiangalii utajiri wala umaskini: mwalimu mstaafu anayepokea pensheni yake ya kazi anaistahiki, na mama aliyelima muhogo na mwani maisha yake yote bila kuona hati ya mshahara anaistahiki vilevile. Kwa akina mama wa Pemba hii ndiyo mara ya kwanza kazi ya mikono yao kupata pensheni, kwa hiyo nakuomba usiruhusu mtu akufanye uone haya kwenda kuiulizia. Si sadaka. Masharti yake makubwa ni mawili: mzee awe ametimiza miaka 70, na awe Mzanzibari mkaazi anayeishi hapa kweli, si mtu wa kuja na kuondoka.

La pili mama yako analo. La kwanza analo mwilini lakini hanalo kwenye karatasi. Kwa kitambulisho kile atafika 70 mwaka 2031. Sheha akimwandika leo, afisa wa ustawi wa jamii atakapokagua atalikata jina, na sheha ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo "subirini" yake huenda si ubaya. Huenda anaogopa kusema kwamba tatizo liko kwenye kitambulisho na hajui mlitatue vipi. Msiendelee kumwomba amwandikishe mama. Mwombeni kitu kingine ambacho anaweza kukitoa: barua ya utambulisho ya kwenda kusahihisha umri.

Sasa nitakaa hapa kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapokwama.

Makosa ya mwaka wa kuzaliwa kwa wazee wetu yana sababu za kawaida. Wengi walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa, na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Siku ya kuandikishwa kitambulisho mzee aliulizwa "una miaka mingapi?", akakisia, au aliyejibu alikuwa mtoto wake aliyempeleka. Wengine walipunguza umri kwa makusudi zamani kwa ajili ya kazi au safari. Aliyeandika akaandika. Miaka ikapita, na namba ile ikahamia kwenye kadi ya mpiga kura, laini ya simu na akaunti. Matokeo yake, leo mama yako ana karatasi tatu au nne zinazokubaliana katika kosa moja, na mtu asiyemjua anaweza kuziona kuwa ni ushahidi. Si ushahidi, kwa sababu zote zimenakili chanzo kimoja.

Ushahidi wenye nguvu ni karatasi iliyoandikwa kabla haja ya pensheni haijazaliwa, tena na mtu asiyekuwa na maslahi. Tafuteni hizi, kwa mpangilio huu wa uzito.

Cha kwanza ni vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wakubwa, khasa kifungua mimba. Tuseme dada yenu mkubwa ana cheti cha mwaka 1972. Kwa kitambulisho cha sasa, mama alimzaa akiwa na miaka 11. Kwa hesabu ya 1953, alikuwa na 19. Hesabu hiyo fupi inamshawishi afisa kuliko hotuba ya nusu saa, kwa sababu haimtaki amwamini mtu yeyote, inamtaka afanye hesabu ya kutoa tu. Chukueni cheti halisi na nakala mbili. Kama mtoto mkubwa hana cheti, angalieni kama ana cheti cha skuli au barua ya ajira yenye tarehe ya kuzaliwa ya zamani.

Halafu cheti cha ndoa. Kama ndoa ya mama iliandikwa, nakala inaweza kuwamo kwenye kabati la baba, na kama imepotea ulizeni kwa kadhi wa wilaya ilikofungwa. Mtu aliyeolewa 1971 hakuzaliwa 1961, na hakuna afisa asiyelielewa hilo. Daftari la skuli nalo lina thamani kwa waliosoma: skuli kongwe zimehifadhi rejista za kuingilia darasa la kwanza, na mwalimu mkuu anaweza kuandika barua inayonukuu ukurasa. Kadi za zamani za kliniki ya uzazi wakati mwingine zina umri wa mama. Msizitupe hata kama zimeliwa na mchwa pembeni.

Mwisho kuna kumbukumbu za matukio, na hapa mkae na mama jioni moja na kalamu. Msimuulize "ulizaliwa lini?", maana hilo halijui. Muulizeni alikuwa anafanya nini siku fulani. Je, anaukumbuka msiba wa Seyyid Khalifa bin Harub? Huo ni Oktoba 1960, kabla ya mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake. Anazikumbuka fujo za uchaguzi wa Juni 1961? Siku ya Mapinduzi, Januari 1964, alikuwa anabebwa mgongoni au alikuwa anateka maji mwenyewe kisimani? Mtoto wa miaka 2 na nusu hatumwi kisimani. Wa miaka 10 hutumwa. Kama ndugu zake walio hai wana vyeti, andikeni nani alimtangulia na nani alimfuata, na kwa miaka mingapi. Mtoto aliyepo katikati ya wawili wenye vyeti amebanwa na tarehe zao, na hapo nafasi ya kukisia inabaki ndogo.

Kiapo cha mahkamani nimekiacha nyuma kwa makusudi. Watu wengi hukimbilia huko kwanza, wakalipa, wakaja na karatasi yenye muhuri, wakashangaa kukataliwa. Kiapo kinasema tu kwamba mtu ameapa. Kikienda pamoja na cheti cha mtoto wa 1972 na maelezo ya wazee wawili wanaomzidi mama umri, kinafunga hoja. Kikienda peke yake ni dhaifu, na afisa ana haki ya kukitilia shaka kwa sababu kimeandikwa juzi, baada ya haja kujulikana.

Pia msiutie mwaka chumvi. Kama matukio yote yanaonesha 1954 au 1955, andikeni hivyo hivyo. Familia ikitaja 1948 ili "iwe na uhakika", hesabu ya watoto na ndugu itapinda upande wa pili, na faili likishaonekana lina uongo mmoja, hata ukweli uliomo hautasomwa tena.

Mkishakusanya, nendeni ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Hao ndio wenye vizazi, vifo na vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, kwa hiyo kazi zote mbili zinafanyika chini ya taasisi moja. Mpangilio ni muhimu: cheti cha kuzaliwa kwanza, kitambulisho baadaye. Kama mama hana cheti kabisa, ombeni usajili wa kuchelewa na mpeleke ushahidi wote huo. Kama anacho na kina kosa, ombeni marekebisho. Kitambulisho hufuata cheti. Wanaoanza na kitambulisho hurudishwa wakatafute cheti, na nauli ya kwenda na kurudi imeshakwenda.

Mama aende mwenyewe siku ya alama za vidole na picha. Vidole vya mtu aliyefunga mwani na kusuka ukili miaka mingi vimelika, na mashine mara nyingi haivisomi mara ya kwanza. Aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu, apake mafuta kidogo usiku wa kuamkia siku hiyo, asubuhi avifute vikauke. Vikikataa, mwombe afisa ajaribu vidole vingine kabla ya kusema haiwezekani. Angalieni na tahajia ya jina kabla ya kuondoka dirishani. Fatma na Fatuma, Mwanakhamis na Mwana Khamis, jina la babu lililoachwa: kwa macho yetu ni mtu mmoja, kwa mfumo wa malipo ni watu wawili. Jina la kwenye cheti, kitambulisho, laini ya simu na akaunti liwe moja herufi kwa herufi.

Kila karatasi mnayoipeleka, bakini na nakala, na nyuma yake andikeni tarehe na cheo cha aliyeipokea. Faili likipotea, nakala hizo zitawaokoa msianze upya.

Kitambulisho kipya kikitoka ndipo mrudi kwa sheha. Sheha anathibitisha kwamba mama ni mkaazi wake, jina linakwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, linahakikiwa, kisha linaingia kwenye orodha ya malipo. Kujiandikisha hakuna ada. Akitokea mtu anayesema kwa 30,000 atalisukuma jina, huyo ni tapeli, hata kama ni jamaa na hata kama anajua majina ya maafisa wote. Msijenge matumaini kwamba mtalipwa miezi ya nyuma. Hesabuni kwamba kila mwezi unaopita kabla ya kuandikishwa ni 50,000 iliyokwenda, na nusu mwaka ni 300,000. Ndiyo maana nawasukuma mkusanye ushahidi wiki hii.

Sheha akikataa hata kutoa barua, ulizeni kwa upole sababu, iandikeni, halafu nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wilayani. Hapo mkikwama, Pemba kila wizara ina Afisa Mdhamini wake, yaani anayeisimamia wizara hapa kisiwani, na mambo ya wazee yako Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Pelekeni barua ya ukurasa mmoja: jina la mama, shehia, tarehe mliyokwenda, mlichojibiwa, na nakala za karatasi. Lugha iwe ya adabu na isiyo na tuhuma. Barua yenye tarehe hujibiwa. Malalamiko ya barazani hayana faili.

Malipo yakianza, hatari zinabadilika. Inayoumiza zaidi ni uhakiki. Serikali hupita mara kwa mara kuthibitisha kwamba wazee waliomo kwenye orodha wako hai na wanaishi pale walipoandikishwa. Mzee aliyekwenda Dar es Salaam kutibiwa miezi minne, au aliyechukuliwa na mtoto kwenda Unguja, akikosekana mara hiyo, jina husimamishwa, na kulirudisha ni kazi kuliko kuliingiza. Mama akisafiri kwa muda mrefu, sheha aambiwe na aandike. Akihama moja kwa moja, achukue barua ya uhamisho aipeleke kwa sheha mpya. Akiwa hawezi kutoka kitandani, afisa aombwe aje nyumbani, na familia iulize utaratibu wa kumteua mwakilishi wa kupokea kwa niaba yake. Mwakilishi awe mtu anayekula naye chungu kimoja.

Hatari nyingine iko ndani ya nyumba. Pesa zikija kwa simu au benki, laini iwe imesajiliwa kwa jina la mama, na namba ya siri aijue yeye na mtu mmoja anayemwamini. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wazee wetu wengi wanapokea ujumbe wasiouweza kuusoma, na mjukuu anayewasomea ndiye anayetoa. Kila anapotolewa pesa, aoneshwe salio. Elfu 50 kwa mwezi ni kama 1,660 kwa siku. Si nyingi, lakini kwa mama huyu ni dawa ya presha, sabuni na samaki wa siku mbili tatu, na ana haki ya kuamua mwenyewe.

Na siku Mwenyezi Mungu atakapomchukua, baada ya maziko sheha aarifiwe na kifo kisajiliwe. Familia inayoendelea kupokea inajitia kwenye deni na kosa la jinai, na inawaharibia wazee wengine kwa sababu kila udanganyifu unaleta uhakiki mkali zaidi.

Wakati faili la umri linatembea, msikae bure. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF hausubiri miaka 70. Wenyewe unaangalia kaya: nani anakula pamoja, nyumba ina nini, wategemezi wangapi. Ila tofauti yake na pensheni jamii ni kwamba hauingii siku unayotaka. Kaya huibuliwa kwa awamu, kwenye mkutano wa shehia, halafu huja watu na dodoso la kuuliza kuhusu nyumba, mifugo, watoto na kipato. Baada ya hapo mfumo unachuja. Hapo panahitajika ukweli na umakini. Wengine huona haya kusema kwamba hawana, wakajibu kwa heshima ya nyumba yao, "alhamdulillahi tunakula", na dodoso likaandika hivyo. Wengine huficha bati jipya au ng'ombe, majirani wakasema kwenye kikao, jina likafutwa. Jibuni kama hali ilivyo.

Kwenu kuna swali moja la kulimaliza kabla: je, mama, kaka na familia yake ni kaya moja au mbili? Kama wanapika chungu kimoja, ni kaya moja, na semeni hivyo hivyo. Kuigawa kwa midomo ili muandikwe mara mbili hakusaidii, majirani wanajua moshi unatoka jiko gani. Kaya ikikubaliwa, ruzuku hutolewa kila baada ya miezi miwili. Sehemu yake ina masharti: mtoto wa umri wa skuli ahudhurie, mtoto mdogo apelekwe kliniki. Utoro ukizidi, pesa hukatwa, na wengi hudhani wamedhulumiwa kumbe ni rejista ya skuli. Kuna pia ajira za muda, hadi siku 60 kwa mwaka, za kazi za shehia kama kuchimba kisima, kutengeneza njia au kupanda mikoko, kwa ujira wa siku. Hiyo ndiyo sehemu inayomgusa kaka yako moja kwa moja, kwani kaya inatoa mtu mwenye nguvu wa kufanya. Mkiwa mmeachwa kimakosa, pelekeni malalamiko kwa kamati ya shehia na baadaye kwa mratibu wa TASAF Pemba. Upande wa Zanzibar mpango huu uko chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais.

La baba ni fupi lakini huenda likawa kubwa kuliko yote kwa thamani. Mtumishi wa serikali aliyefariki kazini 2009 alikuwa ndani ya kipindi cha ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 1998. Warithi wa mwanachama wana mafao yao. Hukumbuki kama mama alilipwa, basi msikisie: nendeni ofisi ya ZSSF Chake Chake, mtoe jina kamili la baba, namba ya uanachama kama ipo, na muulize mambo mawili. Michango yake ilikuwa kiasi gani, na je, ilishalipwa, kwa nani na lini? Inawezekana mdogo wake baba alipokea akiwa msimamizi na mama akapewa fungu bila kuelezwa ni la nini. Inawezekana pia hakuna aliyekwenda kabisa. Halafu muulize wizara aliyokuwa akifanya kazi kuhusu utumishi wake wa kabla ya mfuko kuanza. Beba cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya ajira au hati yoyote ya mshahara, na hati ya mirathi. Kama mirathi haikufunguliwa, anzeni kwa kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na cheti kile kile cha ndoa mlichokitafuta kwa ajili ya umri wa mama kinafanya kazi hapa pia, kwa hiyo tengenezeni nakala nyingi.

Nimalizie na kaka yako. Nisimfiche: Zanzibar hakuna pesa ya kila mwezi inayotoka serikalini kumlipa mtu kwa sababu tu hana kazi. Hata hivyo hakutoka hotelini mikono mitupu, kama atafuatilia alichokichuma.

La kwanza kwake ni taarifa ya michango yake ZSSF. Mwajiri wa hoteli Zanzibar anapaswa kumkata mfanyakazi, kuongeza fungu lake, na kupeleka vyote kwenye mfuko kila mwezi. Miaka 6 ni miezi 72, kwa hiyo taarifa ioneshe mistari 72. Ahesabu mmoja mmoja. Kasoro zinazoonekana mara nyingi ni tatu: miezi ya msimu wa chini haikupelekwa ingawa ilikatwa kwenye mshahara, mchango ulipigwa kwa mshahara mdogo kuliko aliopokea, au miaka ya mwanzo alihesabiwa kibarua akaachwa nje kabisa. Hati za mshahara, ujumbe wa benki na mkataba ndiyo silaha. Akikuta pengo, aandike malalamiko ZSSF wakati hoteli ingali wazi na meneja yuko. Mwajiri aliyefunga biashara ni mgumu kumshika. Hapo hapo aulize dirishani, kwa maneno haya: "Nimeachishwa, sikuacha mwenyewe. Kuna fao gani linalonihusu sasa, na nikilichukua linapunguza nini kwenye pensheni yangu ya uzeeni?" Sehemu ya pili ya swali ni muhimu kuliko ya kwanza. Kama kabla ya Nungwi aliwahi kuajiriwa Dar es Salaam, aulize na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara, wao wana fao la kukosa ajira lenye masharti yake.

La pili ni haki za kuachishwa chini ya Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005: notisi au malipo badala yake, mshahara wa siku alizofanya, likizo aliyokuwa hajaichukua, na cheti cha utumishi. Kama sababu ni wageni kupungua, hilo ni kupunguzwa kazi, si kosa lake, na aulize malipo yanayoambatana nalo. Asitie saini karatasi inayosema "nimepokea stahiki zangu zote" kabla hajazihesabu. Aende Kamisheni ya Kazi mapema, kwani madai haya yana muda wake wa kuwasilishwa na asipouwahi hata mwenye haki hurudishwa.

La tatu ni mkopo, na hapa naomba asiharakishe. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, unatoa mikopo nafuu kwa vikundi na watu binafsi. Ni jambo zuri kwa mwenye biashara inayozunguka tayari. Kwa mtu aliyepoteza kazi juzi na ana watoto wawili wa kulisha, pesa ya mkopo huliwa mwezi wa kwanza, na marejesho huanza akiwa hana kitu. Aanze na kazi anayoijua. Aliyefanya kazi jikoni hotelini anaweza kupika na kuuza. Aliyekuwa fundi bomba au umeme anaweza kufanya kazi za mikono Wete na Konde. Ajaribu kwa miezi mitatu na daftari la mapato na matumizi. Daftari hilo ndilo ZEEA watakalolitaka kuliona hata hivyo.

Na msimu wa karafuu ukifika, akiwa anachuma kwa pishi au ana karafuu za mikarafuu ya familia za kuuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kuna jambo moja zaidi. ZSSF wana mpango wa hiari kwa waliojiajiri, mkulima, mvuvi na mama mwenye genge. Hahitaji mshahara wa kila mwezi, anaweza kuweka baada ya mauzo ya karafuu. Ana miaka 34. Akiingia na miaka 6 yake ya Nungwi ikiwa imesafishwa mstari kwa mstari, watoto wake hawatakuja kuhangaika na vyeti vya kifungua mimba kama mnavyohangaika sasa na vya mama.